Kiwanja kimoja, wanunuzi wawili: hatua za kufuata Uganda ukigundua ardhi yako imeuzwa mara mbili

Ukipata habari kwamba kiwanja ulicholipia kimeuzwa pia kwa mtu mwingine, jizuie kumpigia muuzaji simu siku hiyo. Wengi huanza hapo, na hapo ndipo wanapopotezea ardhi. Muuzaji aliyeshtuliwa ama huzima simu, ama humharakisha mnunuzi wa pili akamalize usajili kabla hujajipanga. Siku ya kwanza ni ya ofisi ya ardhi. Muuzaji atapatikana baadaye, kwa barua ya wakili au kwa hati ya mahakama.

Hatua zilizo hapa chini zinamhusu aliyekwisha kulipa, yote au sehemu, na sasa kuna mwenzake mwenye mkataba wa ardhi hiyo hiyo.

Kwanza: ardhi yenyewe ni ya aina gani?

Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa aina nne: mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, hasa Buganda), frihodi (umiliki wa kudumu), lizi (ukodishaji wa miaka maalumu) na ardhi ya kimila. Juu ya mailo kuna pia kibanja, yaani haki ya anayeishi au kulima kwenye ardhi ya mwenye hati na kumlipa busuulu (kodi ya ardhi ya kila mwaka). Usipite hapa haraka, kwa sababu kila kitu kinachofuata hutegemea jibu hili.

Mailo, frihodi na lizi zina hatimiliki na zimo kwenye rejista ya serikali. Huko, mkataba wa mauzo peke yake haukufanyi mmiliki kisheria. Umiliki huhama siku fomu ya uhamisho inaposajiliwa. Kibanja na ardhi ya kimila isiyo na hati havina rejista ya namna hiyo. Huko huamuliwa kwa tarehe ya mkataba, mashahidi, idhini zinazotakiwa, na nani amekuwa akiitumia ardhi.

Tumeona watu wakipigania kwa miezi "hati" ya kibanja ambayo haijawahi kuwapo. Mkataba wenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ni ushahidi mzuri, lakini si hatimiliki, hata ukiwa na mihuri mitatu.

Kwa wasio raia, na humo wamo ndugu wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanaofanya biashara Uganda: sheria inawaruhusu lizi tu, isiyozidi miaka 99. Ikiwa mkataba wako unasema umenunua mailo au frihodi kwa jina lako na wewe si raia, mwambie wakili jambo hilo mapema. Upande wa pili utaligundua na kulitumia.

Siku ya kwanza: upekuzi wa rejista

Nenda kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayohudumia wilaya ilipo ardhi (ziko Kampala, Wakiso, Mukono, Jinja, Mbale, Mbarara, Arua, Gulu na miji mingine). Peleka nambari kamili ya ardhi: kwa mailo ni kaunti, bloku na ploti, kwa frihodi na lizi ni voliyumu na folio (kitabu na ukurasa wa rejista), au nambari ya ploti na barabara. Omba upekuzi rasmi ulioandikwa na kugongwa muhuri. Jibu la mdomo la karani au picha ya skrini kwenye simu ya dalali halitakusaidia mbele ya jaji.

Usisome jina la mmiliki tu. Angalia tarehe aliyosajiliwa, nambari ya waraka uliomsajili, na sehemu ya vizuizi: kuna rehani ya benki? Kuna kaveti, yaani zuio la mtu mwenye madai? Ya nani? Uliza pia kama kuna fomu ya uhamisho iliyokwisha kupokelewa ila haijakamilishwa. Swali hili watu hulisahau, na jibu lake ndilo linaloonyesha kama una wiki mbili au una saa mbili.

Jambo moja huwashtua wengi: kushika hati mkononi si kinga. Muuzaji anaweza kuapa kwamba hati imepotea, akaomba hati maalumu, yaani hati mbadala ya ile iliyopotea. Sheria inataka tangazo kwenye Gazeti la Serikali na kungoja angalau mwezi mmoja, lakini ni wangapi husoma Gazeti la Serikali? Wewe umefungia hati kabatini, yeye anauza kwa kutumia nyingine iliyotolewa ofisini. Ukikuta kwenye upekuzi kwamba hati maalumu imetolewa, omba nakala ya kiapo chake cha kupotelewa. Kiapo hicho cha uongo, kikiwekwa pamoja na risiti yako na hati ya awali uliyokabidhiwa, ni ushahidi mzito wa udanganyifu.

Siku hiyo hiyo au kesho yake: kaveti

Kama rejista bado ina jina la muuzaji, weka kaveti. Ni zuio la kisheria linalomzuia msajili kuandikisha uhamisho mwingine bila kukupa taarifa. Huandaliwa na wakili kwa fomu maalumu na huambatana na kiapo chako. Ambatisha mkataba, risiti, nakala ya kitambulisho na picha za pasipoti, kisha lipa ada kupitia benki kwa nambari ya malipo uliyopewa.

Sehemu inayoharibiwa zaidi ni kiapo. Kiapo dhaifu husema: "Mimi ni mwenye ardhi hii na muuzaji ni mwizi." Kiapo kinachosimama husema: "Tarehe 3 Machi niliingia mkataba na mmiliki aliyesajiliwa kununua ploti hii kwa shilingi milioni 45. Siku hiyo nilimlipa milioni 30 kwa benki, na salio lilikuwa lilipwe akinikabidhi fomu za uhamisho zilizosainiwa. Nilikabidhiwa ardhi tarehe 5 Machi na nimeizungushia seng'enge. Nina maslahi ya mnunuzi." Kaveti hulinda maslahi yanayotajwa. Hasira hailindi chochote, na anayeweka kaveti bila sababu ya msingi anaweza kuamriwa kulipa fidia.

Kaveti si ya kudumu. Mmiliki akiomba iondolewe, msajili anakupelekea notisi, na baada ya siku 60 tangu notisi kaveti ya mnunuzi huanguka yenyewe isipokuwa umepata amri ya mahakama. Anwani uliyoandika kwenye kaveti ndiyo notisi itakakopelekwa. Ukihama, au wakili wako akifunga ofisi, siku hizo zitahesabiwa hadi ziishe nawe huna habari. Chukulia kaveti kama muda wa kufungua kesi, na kesi ifunguliwe.

Ukikuta jina la mnunuzi wa pili limekwisha kusajiliwa, kaveti bado inafaa, maana itamzuia asiuze kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu mwenye nia njema ni hatari kuliko wa pili.

Nani ana nguvu? Tuhesabu kwa mfano

Chukua mnunuzi wa kwanza wa kiapo kile: mkataba wa tarehe 3 Machi, amelipa milioni 30 kati ya 45. Mnunuzi wa pili anasaini tarehe 20 Mei, analipa milioni 40 zote siku hiyo, na fomu yake ya uhamisho inasajiliwa tarehe 27 Mei. Nani mwenye ardhi?

Kama hakuna aliyesajiliwa, jibu ni jepesi kidogo. Mahakama za Uganda zimekubali kwamba anayelipa malipo ya awali chini ya mkataba halali wa ardhi hupata maslahi katika ardhi hiyo. Kwa hiyo wa kwanza alikuwa na haki yake tangu Machi. Muuzaji hawezi kuuza tena alichokwisha kukitoa, na wanunuzi wawili wenye haki sawa hupangwa kwa tarehe. Wa kwanza anatangulia, ila kama amevunja mkataba mwenyewe. Salio lililotakiwa Aprili likafika Julai bila maelezo ni mlango ambao muuzaji atausukuma kwa nguvu zote.

Lakini hapa wa pili amesajiliwa, na sheria ya usajili wa hati humlinda aliyesajiliwa isipokuwa kwa udanganyifu. Na udanganyifu huo lazima umguse yeye mwenyewe, si muuzaji tu. Mahakama ya Juu ililiweka wazi katika shauri la Kampala Bottlers dhidi ya Damanico: udanganyifu ni lazima uhusishwe na aliyehamishiwa, moja kwa moja au kwa kuwa alijua na akautumia. Kiwango cha uthibitisho nacho ni kikubwa kuliko kile cha madai ya kawaida. Kwa hiyo kumthibitisha muuzaji kuwa tapeli, jambo ambalo kila mtu kijijini analijua, hakukurudishii ardhi peke yake.

Swali la kesi nzima linakuwa hili: wa pili alijua nini kabla ya tarehe 27 Mei?

Kujua tu kwamba kuna mtu mwenye madai hakutoshi kuitwa udanganyifu. Lakini kujua, kisha kukimbilia usajili kwa nia ya kumpokonya huyo mtu, mahakama zimehesabu kuwa ni udanganyifu. Vilevile aliyeona wazi kwamba ardhi inatumiwa na mtu asiye muuzaji, asimuulize, hawezi kujificha nyuma ya hati. Mahakama ya Rufani ilisema, katika rufani namba 7 ya 1996, kwamba ardhi si mboga za kununuliwa kwa muuzaji usiyemjua. Mnunuzi anatakiwa kuchunguza ardhi na kumchunguza muuzaji pia.

Ndiyo sababu seng'enge ile ya tarehe 5 Machi ina thamani kuliko risiti tano. Mihogo iliyofikia magotini, msingi wa nyumba, bango la "Ploti hii haiuzwi", mlinzi anayelala hapo: vyote vinamlazimisha anayekuja baadaye kuuliza. Kiwanja cha kichaka kisicho na alama hakimuulizi mtu chochote, na wa pili atasema kwa haki kwamba alikagua na hakuona mtu.

Na je, kama wa pili ni wewe? Jipime kwa maswali hayo hayo. Ulifanya upekuzi kabla ya kulipa? Ulifika kwenye ardhi? Ulizungumza na majirani na LC1? Bei ilikuwa ya kawaida, au ulipewa kwa nusu na hukushangaa? Una usajili, na si mkataba tu? Majibu yakiwa mazuri, hifadhi ushahidi wa kila uchunguzi uliofanya. Kinga ya mnunuzi wa nia njema lazima uithibitishe wewe unayeidai.

Kibanja na ardhi ya kimila

Hapa ngao ya aliyesajiliwa haipo, kwa hiyo tarehe na idhini ndizo zinazoongoza.

Kwa kibanja, anayeuza lazima kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kununua, na mauzo yapate idhini yake. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2010 yalifanya kukiuka jambo hilo kuwa kosa la jinai: faini isiyozidi pointi 96 za fedha (pointi moja ni shilingi 20,000), kifungo kisichozidi miaka 4, au vyote viwili, na mauzo yenyewe huwa batili. Kwa hiyo kati ya wanunuzi wawili, aliyepata barua ya idhini na risiti ya busuulu kwa jina lake anaweza kumshinda aliyetangulia kulipa. Kama mkataba wako una saini ya muuzaji na LC tu, mtafute mwenye mailo leo. Hakikisha ni mwenyewe, au msimamizi wa mirathi mwenye barua za mahakama. "Mtoto wa landlodi" hatoshi.

Kwa ardhi ya kimila, tafuta wazee wa ukoo au wa familia walioshuhudia, waliotembea mpakani na wewe, na majirani wa pande zote nne.

Idhini ya mke au mume inahusu ardhi zote, yenye hati na isiyo na hati. Ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa riziki haiuzwi bila idhini ya mwenzi. Tumeshuhudia hoja hii ikigeuza kesi: wa kwanza ana tarehe nzuri ila mke hakusaini; wa pili alikuja miezi sita baadaye na ana saini ya mke. Angalia saini hiyo kwenye mkataba wako sasa hivi.

Ushahidi: nini hasa

Weka hati asili nyumbani au kwa wakili, na nakala mbili mahali pengine. Unahitaji mkataba, taarifa ya benki au ujumbe wa malipo ya simu unaoonyesha jina la aliyepokea, ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, picha za ardhi, na ripoti ya mpimaji.

Ripoti ya mpimaji ina kazi kubwa kwenye viwanja vilivyokatwa kutoka shamba moja, kama vinavyouzwa sana Wakiso na Mukono. Mkataba unasema "futi 50 kwa 100" na hautaji nambari ya ploti, kwa sababu hati haijagawanywa. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, yaani desimo 11.5 hivi (desimo moja ni sehemu ya mia ya ekari). Dalali huandika 12 au 12.5, na wanunuzi wawili wanajikuta wamelipia kipande kimoja au vipande vinavyoingiliana. Mpimaji aliyesajiliwa akipima kwa viwianishi vya ramani na kukuta mawe ya mipaka, utajua kama kweli mmeuziwa ardhi moja au mmegongana mita sita tu. Tatizo la mita sita humalizwa kwa mazungumzo na mpimaji. Lisipelekwe mahakamani kama vita vya kiwanja kizima.

Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani mpaka ulipiwe pamoja na adhabu. Na kama upande mmoja hajui kusoma lugha iliyotumika, aliyeandika lazima aonyeshe kwenye waraka kwamba alimsomea na kumfafanulia, aweke jina na anwani yake. Mikataba mingi huandikwa kwa Kiganda au Kiingereza huku mnunuzi akijua Kiswahili tu. Kasoro hiyo huibuliwa na yeyote itakayemfaa.

Polisi

Kuuza ardhi uliyokwisha kuiuza ni kupata fedha kwa udanganyifu, kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5. Kughushi saini ni kosa jingine. Ripoti, chukua nambari ya faili, andika maelezo kwa utulivu. Ila polisi hawana mamlaka ya kuamua nani mwenye ardhi. Mkuu wa wilaya, RDC, naye hana. Ukiitwa kwenye kikao ukaambiwa uache hati asili mezani "kwa usalama", wape nakala na utake risiti ya kila karatasi.

Wala usibomoe ukuta wa mwenzako. Siku moja ya kutumia nyundo hukugeuza kutoka mlalamikaji kuwa mshtakiwa wa uharibifu wa mali, na jaji atayasoma hayo utakapoomba amri ya zuio.

Mahakama ipi, na kuomba nini

Ardhi ya kimila huanzia mahakama ya LC2 (baraza la parishi), kisha rufani LC3 (baraza la kaunti ndogo), halafu Hakimu Mkuu. Kwa ardhi nyingine, Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza madai hadi shilingi milioni 20 na Hakimu Mkuu hadi milioni 50. Lakini ikiwa unachotaka ni kufutwa kwa usajili wa mnunuzi wa pili, nenda Mahakama Kuu hata kama kiwanja ni cha milioni 15, kwa sababu amri ya kufuta hati ni ya Mahakama Kuu. Watu hupoteza mwaka mzima kwa hakimu, wanashinda, kisha msajili anakataa amri yao.

Washtaki wote wawili, muuzaji na mnunuzi mwenzako. Ukimwacha wa pili nje, hukumu haitamfunga. Andika vipengele vya udanganyifu kimoja kimoja: alifanya nini, lini, nani alikuwapo. "Walikula njama" bila maelezo hutupwa.

Pamoja na kesi, omba amri ya zuio la muda ili mambo yabaki yalivyo. Utahitaji kuonyesha kwamba kesi yako ina msingi, kwamba utapata hasara ambayo fedha haiwezi kuifidia, na kwamba wewe utaumia zaidi kuliko mwenzako zuio likikosekana. Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwenye usuluhishi, ambao ni wa lazima. Nenda na hesabu tayari: ulilipa ngapi, umejenga kwa ngapi, ungekubali nini. Mara nyingi mnunuzi mmoja hubaki na ardhi na mwingine hurudishiwa fedha na fidia.

Madai yawe na ngazi: kwanza ardhi yenyewe na utekelezaji wa mkataba, hilo likishindikana, fedha zote ulizolipa pamoja na riba, gharama zenye risiti na fidia. Usiombe ardhi peke yake, maana ikipotea utatoka mikono mitupu. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, wa kudai kwa mkataba ni miaka 6. Penye udanganyifu huhesabiwa tangu ulipogundua au ulipopaswa kugundua. Na kwa kuwa sheria za Uganda zilitolewa upya kuanzia Julai 2024, nambari za vifungu zimebadilika. Hakikisha hati zako zinataja nambari mpya.

Ukishinda, hukumu bado ni karatasi. Chukua nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama, ipeleke ofisi ya kanda, ilipiwe na kusajiliwa, kisha fanya upekuzi mwingine uone jina lako limeandikwa. Ushuru wa stempu kwenye uhamisho ni asilimia 1.5 ya thamani atakayoiweka mthamini wa serikali, ambayo inaweza kuwa juu ya bei uliyolipa, kwa hiyo weka fedha hizo kando tangu siku unayofungua kesi.